Kikohozi Nyuma ya Pazia

Bwana Kata aliitwa hivyo kwa sababu neno lake kubwa maishani lilikuwa "Kata!" Alikuwa mwongozaji wa filamu mwenye maneno mengi na mfuko mtupu. Filamu yake mpya ilionya juu ya hatari za mitandao: binti mmoja, kwa uchu wa wafuasi, anawasha simu na kumlaani mama yake mgonjwa mbele ya dunia. Binti huyo aliigizwa na mwalimu wa chekechea ambaye kila mtu, kwa kuiga watoto, alimwita Ticha. Nyumba ya kukodi ilipokosekana, Bwana Kata akasema, "Kwenu si kupo? Na mgonjwa si yupo?"

Alikuwepo. Mama yake Ticha alikuwa amepooza upande mmoja, amelala nyuma ya pazia la maua, na Ticha peke yake ndiye aliyemgeuza, kumlisha na kumsafisha kabla ya kazi na baada ya kazi.

"Mama, leo utanisikia nasema maneno mabaya. Ni maigizo tu."

"Haya, sema," mama alijibu, akicheka kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. "Mradi usisahau dawa yangu."

Walirudia tangu asubuhi. "Kata! Unasoma risala? Mchukie!" Jua likawa kali, mgongo wa Ticha ukamuuma, na mashuka ya mgonjwa yalikuwa bado yanamngoja kwenye beseni. Mara ya mwisho aliitazama simu akasema polepole, bila kupaza sauti, "Nimechoka na huyu mama. Afe tu, na mimi niishi." Nyuma ya pazia mama akakohoa. Bwana Kata akarukaruka kama mtoto aliyepewa peremende. Kikohozi kile, alisema, hakinunuliki.

Kesho yake akakirusha kipande hicho mtandaoni bila jina la filamu, watu wadhani ni kweli, wachemke kwanza. Wakachemka. Watu wasiokumbuka lini waliwajulia hali mama zao walimlaani Ticha kwa herufi kubwa. Wengine wakaitaja shule yake na mtaa wake. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hata kama ni filamu, mwalimu, wazazi hawataki. Na wahenga walisema, lisemwalo lipo." Ticha akarudi nyumbani na kikombe chake cha chai ndani ya mfuko.

Alimpigia Bwana Kata. "Nakuomba, waambie ni filamu. Nimefukuzwa kazi."

"Unaona sasa? Hizo ndizo hatari zenyewe!" Alikuwa na furaha kabisa. "Nikisema leo, moto unazimika. Vumilia mpaka uzinduzi."

Kabla ya uzinduzi alifika mama mkubwa, dada wa mgonjwa, na gari la kumchukua mdogo wake. Alikataa hata shikamoo ya Ticha. "Simwachi mdogo wangu kwa mtu anayemwombea kifo."

Ticha aliapa, akalia, akamwonyesha karatasi za filamu, mstari kwa mstari. Sauti ya mama mkubwa ikalegea kidogo. "Basi tumuulize mwenyewe. Akisema anabaki, nitakuomba radhi mbele ya mtaa mzima."

Ticha akalivuta pazia kwa matumaini. Mama ndiye aliyekuwa amembakia.

"Mama, mwambie. Ulikuwepo. Ulisikia tukirudiarudia."

"Nilisikia," mama alisema. "Zile za mwanzo ulikuwa unaigiza, mwanangu. Nilikuwa nacheka huku peke yangu." Akakohoa, akapumzika. "Ile ya mwisho hukuigiza."

Ticha alifungua mdomo aape tena. Kiapo hakikuja, na wote watatu wakaona kwamba hakiji.

"Dada," mama alisema, "nivalishe viatu."

Mama mkubwa aliinama, akahangaika, hakujua aanze na mguu upi. Ikabidi Ticha apige magoti. Alianza na mguu uliopooza kama kila siku, akakunjua vidole kimoja kimoja, akafunga kamba. Mama alitazama ukutani. Mlangoni majirani walikuwa wameshainua simu zao.