Mbegu za Zizini

Milembe alipiga magoti zizini, akachambua samadi kwa vidole. Mbuzi akila matunda ya mti wa nyuguyu, kokwa huzitema usiku anapocheua. Hadi jua linatoka, kokwa alizookota zilikuwa zimefunika kitako cha bakuli tu.

Ndani, mkamwana wake Stephania alikuwa amelala, mkono ukiwa juu ya mto. Uji wa moto ulimmwagikia siku tisa zilizopita, na sasa ngozi ya kiwiko ilikuwa inakauka na kukaza. Bila mafuta ya kokwa hizo za nyuguyu mkono ungepona umekunjwa. Milembe aliwajua wanawake wa hivyo pale Lingeka, wasioweza kusuka nywele zao wenyewe. Zahanati walimpa bandeji na pole.

Mwaka juzi watafiti walikuja kwa adabu, wakala kuku wake, wakatia mafuta yake kwenye vichupa. Walisema maabara itaonyesha yana nini ndani kinachotibu ngozi. Binti mmoja, Precious, alikuwa na fomu.

"Bibi, dawa hii ni ya nani?"

"Si yangu. Ni ya wakale."

Mganga gani mwenye akili angejibu vingine? Huku ukisema dawa ni yako, inakukataa mkononi, haiponyi tena. Precious akaandika: Mmiliki, hakuna.

Majibu yalirudi mazuri, kijiji kikapiga makofi, Milembe naye akapiga. Kisha ukaja uzio wa waya kuzunguka minyuguyu yote, na kibao: Eneo la Utafiti. Asante ya punda ni mateke, ila punda walau unamwona akiinua mguu.

Alikwenda ofisi ya kijiji kuomba ndoo moja ya matunda. Mtendaji, Fredrick, alifungua faili, akapitisha kidole.

"Mama, humu hujaandikwa. Ungesema mapema kwamba ni yako."

"Ningesemaje hivyo, baba?"

"Basi ndiyo hivyo."

Mbuzi hawasomi vibao. Walipita chini ya waya.

"Mwangaluka, mayu." Selestini, jirani aliyepewa kazi ya kulinda uzio, alikuwa amesimama penye mlango wa zizi. Alitazama bakuli. "Hizo zimetoka kule ndani."

"Mwangaluka." Milembe hakuinuka. Alijaribu kutafuta hasira, hakuiona. Hata magoti yalikuwa yameacha kuuma.

"Nimeambiwa kila kitu kiandikwe, mayu. Za nani hizi?"

Milembe alifuta kokwa moja kwa kidole.

"Za mbuzi."

Selestini hakucheka. Alitoa kalamu sikioni, akafungua daftari, akaandika polepole: Mmiliki, mbuzi. Kisha akafungua mfuko wa kuzichukulia, na Milembe akazimimina kokwa mwenyewe, akakung'uta bakuli.

Ndani, Stephania aliita aje amfunge kanga. Mkono mmoja ulikuwa haufiki tena.