Vumbi la Herufi

Baba yangu hakuwa mtu wa kusifiwa usoni. Ukimwambia kazi yake nzuri, alikuuliza umeona kosa wapi, na usipolitaja alikuona mwongo. Alikuwa fundi wa kuchonga chokaa kwenye kuta za misikiti: maua, nyota, na maandishi ya Kitabu. Mtoto wa kiume hakumpata, akanipata mimi peke yangu, basi akaniwekea patasi mkononi nikiwa na miaka tisa. Watu walisema weee mpaka wakachoka. Yeye aliniita Patasi, na nadhani jina langu la kwenye cheti alishalisahau.

Karakana yetu ilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mapipa ya chokaa iliyolowekwa miezi na miezi, chekeche tatu zilizoning'inizwa misumarini, na patasi zilizopangwa kwa ukubwa juu ya gunia. Karibu na mlango Baba alilaza chali jiwe la kale lililofukuliwa chini ya msingi wa msikiti mmoja kabla sijazaliwa. Juu yake palichongwa mfalme amesimama, mguu mmoja umekanyaga rundo la watu wadogo wadogo, na kwenye kona, juu ya bega lake, mungu wake mwenye mbawa amebanwa kwa shida. Pua ya mfalme mtu aliivunja zamani. Baba aliweka birika lake la chai juu ya kifua cha mfalme huyo kila siku ya Mungu.

"Soma," aliniambia nilipokuwa mdogo.

"Hakuna maandishi, Baba."

"Picha nayo inasomwa. Nani mkubwa hapo?"

"Mfalme."

"Na mungu wake?"

"Mdogo. Kaminywa kama ndege."

"Basi fundi huyu alimwogopa anayemlipa kuliko anayemwabudu." Akacheka mpaka akakohoa, akajimiminia chai. Kicheko hicho nilikisikia miaka mingi, maana kila mgeni aliyeingia karakana alisomeshwa jiwe lile, atake asitake.

Sisi hatuchongi sura za watu. Lakini Baba hakutaka nidhani kwamba kuta zetu hazisemi nani mkubwa. Zinasema kwa kimo. Chini kabisa ni maua, mahali ambapo mabega ya watu yataegemea. Katikati ni nyota zilizoshikana, hazina mwanzo wala mwisho, jicho lizitafute mpaka lichoke na moyo utulie. Juu ya nyota unapita mshipi wa Aya, na mwisho wa Aya, kileleni pa mihrabu, kile kijumba cha ukutani anaposimama imamu, linakaa Jina la Mungu. Juu ya Jina hapaandikwi kitu. Hapo Baba alipaka lipu ya mwisho iliyochanganywa na unga wa marumaru, akaisugua kwa kokoto laini siku nne au tano, mpaka ikawa nyeupe na baridi. Watu walidhani ile sehemu tupu ndipo fundi alipomalizia kazi haraka haraka. Kumbe hiyo ndiyo aliyoionea fahari kuliko zote.

Na kulikuwa na suala la vumbi. Vumbi la maua na nyota tulilifagia tukalimwaga uani. Vumbi lililodondoka wakati wa kuchonga herufi za Kitabu halikanyagwi wala halimwagwi. Tulitandika shuka chini ya jukwaa, tukalikusanya kwa brashi laini, likaingia kwenye debe moja lenye kifuniko, na kila fundi ana debe lake la maisha. Akifa, kiganja kimoja cha vumbi lile huwekwa kaburini chini ya shavu lake. Baba alisisitiza kwamba hiyo si dini, ni adabu ya kazi tu, aliyoikuta kwa mwalimu wake. Lakini alivyolifunika debe lile jioni, mtu angedhani anamfunika mtoto.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa mihrabu ya msikiti mkubwa wa mjini, uliokuwa ukikarabatiwa kwa fedha za Mheshimiwa mmoja ambaye mkono wake ulifika kila ofisi. Baba alikuwa tayari na kifua kibovu. Vumbi la miaka hamsini lilikuwa limemkaa mapafuni, na daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba hatapona. Alichonga mshipi ule akipumzika kila baada ya herufi tatu. Alipomaliza Jina na kuisugua ile sehemu tupu ya juu, alishuka jukwaani akaketi sakafuni, akaniambia, "Hii nikienda nayo mbele ya Mungu, sitaona haya." Sijawahi kumsikia akijisifu kabla ya siku ile. Kesho yake hakuweza kuinuka kitandani, ikabaki kwangu kumalizia maua ya chini.

Siku ya tatu akaja karani wa Mheshimiwa, mtu mpole, mwenye karatasi iliyokunjwa vizuri. Kwenye karatasi palikuwa na jina la Mheshimiwa, lote, pamoja na vyeo vyake, kwa herufi ndefu kuliko herufi za Aya kwa shubiri nzima.

"Liwekwe pale juu," alisema, akionyesha ile sehemu tupu. "Pamebaki wazi bure."

"Pale hapaandikwi kitu, ndugu yangu. Jina lake tunaweza kuliweka mlangoni, pembeni, kwa heshima zote."

"Dada, mimi natumwa tu." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mkikataa, ukuta wote unabomolewa wiki hii. Kuna watu wana kalibu za kiwandani, wanabandika mihrabu nzima kwa siku mbili, na jina juu. Amri imeshaandikwa. Mzee kazi yake nzuri, mimi mwenyewe inaniuma."

Nilipanda jukwaa nikaushika mshipi kwa mikono miwili. Niliona alama ndogo mahali Baba alipopumzika, kila baada ya herufi tatu, ambazo mtu mwingine hawezi kuziona. Nikaona nyundo zinaingia pale. Kwa hasira nilizokuwa nazo ningeweza kumtafuna yule karani pamoja na karatasi yake, lakini yeye hakuwa na kosa, na mwenye kosa hakuwahi hata kufika kuangalia. Nikapiga moyo konde. Nilimwambia arudi baada ya siku sita.

Nilichonga jina lile kwa siku tano. Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: nililichonga vizuri. Nilipanga kuliharibu kidogo, niipinde herufi moja, niache mkwaruzo. Mkono ulikataa. Mkono aliokuwa ameufundisha Baba haukujua kuchonga vibaya. Na kila jioni, nikiwa nimechoka na mawazo yako mbali, nilishuka, nikapiga magoti juu ya shuka, nikachukua brashi laini, nikakusanya vumbi la herufi nikalitia kwenye debe la Baba, maana langu nilikuwa sijapewa bado. Miaka ishirini na sita nilikuwa nafanya hivyo kila jioni tuliyochonga maandishi. Siku ya tano nilipofunga kifuniko ndipo nilipoelewa nimefanya nini: vumbi la jina la Mheshimiwa nimelichanganya na la Kitabu.

Nilichovya kidole, nikajaribu kuona kama la juu linaweza kuchotwa. Lakini debe lilikuwa limebebwa begani na kutikisika siku zote tano kutoka karakana kwenda msikitini na kurudi. Vumbi jeupe na vumbi jeupe, utalitenga vipi.

Nyumbani Baba aliuliza kila siku, na kila siku swali lilikuwa moja.

"Juu ya Jina kukoje?"

"Peupe, Baba."

"Hawajapagusa?"

"Nani apaguse? Peupe tu."

Hapo alifumba macho, pumzi ikamtulia kidogo. Basi nilidanganya kwa moyo mmoja, tena kwa furaha, maana ndiyo dawa pekee iliyomwingia. Nilijiambia kwamba hatatoka tena kitandani, hataona, na baba mdogo, ndugu yake wa pekee, nilishamwomba asimpelekee habari za msikitini. Niliyafunga matundu yote. Debe nililisahau, au niseme nilijilazimisha kulisahau.

Asubuhi moja ya Jumatatu aliamka akiwa na macho maangavu, akataka kuketi. Nilimwekea mito mgongoni. Akaomba uji, akanywa vijiko viwili, halafu akasema, "Niletee debe langu."

"La nini sasa hivi, Baba? Pumzika kwanza."

"Nitapumzika sana. Lilete."

Nilikwenda karakana. Birika lilikuwa bado juu ya kifua cha mfalme, limepoa. Nilifikiria kumwaga nusu ya debe, nikafikiria kusema limemwagika, kisha nikalibeba kama lilivyo, kwa sababu sikuweza kuwaza vumbi lile likiwa uani chini ya viatu. Nikamwekea mapajani.

Alifungua kifuniko mwenyewe, ikamchukua muda. Akaingiza vidole vitatu, akachota kidogo, akalisugua taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kama alivyokuwa akipima chokaa kwa muuzaji. Nikaona vidole vyake vikisita. Akachota tena, kutoka upande mwingine, akasugua. Chokaa ya herufi haina kitu ndani zaidi ya mchanga laini uliochekechwa mara tatu. Unga wa marumaru uko sehemu moja tu ya ukuta wetu, ile ambayo haichongwi. Una ukali mdogo sana, mtu wa kawaida hawezi kuusikia. Mimi naweza. Yeye ndiye aliyenifundisha, nikiwa nimefungwa macho kwa kitambaa, na kila nikikosea ananipiga kikofi cha mzaha kisogoni.

Hakuniangalia. Aliangalia debe.

"Jina la Mheshimiwa lina herufi ngapi?"

Nilitaka kusema sijui anaongea nini. "Ishirini na tatu," nikasema. "Pamoja na vyeo."

"Ndefu?"

"Zinazidi za Aya kwa shubiri."

Akatikisa kichwa polepole. Nilimweleza yote kwa mara moja, karani, kalibu, nyundo, zile alama za herufi tatu tatu, maneno yakapandana. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipokwisha aliniuliza jambo moja tu.

"Mkono ulikutetemeka?"

"Haukutetemeka, Baba."

"Haya."

Kifua kilikuwa kikimpiga mluzi. Mimi nililia bila kujificha, kwa sababu hapakuwa na kitu tena cha kuficha. Kisha akasema, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuuliza habari za chokaa:

"Yule fundi wa jiwe la mlangoni. Nimemcheka maisha yangu yote." Akapumua. "Labda na yeye alikuwa na baba nyumbani, mgonjwa."

Akafunika debe. Kifuniko kilimshinda, nikataka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko, akakibana mwenyewe. Akalisukuma juu ya blanketi mpaka likanigusa tumboni.

"Chukua. Hili lako."

Aliishi siku mbili zaidi, akaomba maji, akauliza kama mvua inanyesha, akaniita Patasi mara moja. Juu ya Jina hakuuliza tena kukoje.

Siku ya mazishi, wanaume wakiwa wamesimama nje na jeneza, baba mdogo alikuja mlangoni akaninyooshea kiganja. Alijua adabu ya kazi ya ndugu yake.

"Haya, mwanangu, lete vumbi la kaka."

"Hakuna, baba mdogo."

"Hakuna vipi? Debe lake la miaka yote?"

"Hakuna."

Alinitazama. Nyuma yake watu walikuwa wanasikia, na nikawaona wakifikia uamuzi wao, kwamba binti amelipoteza debe la mzazi wake kwa uzembe. Niliwaacha waamue hivyo. Ilikuwa afadhali kuliko wajue. Baba mdogo alirudisha mkono wake mtupu, akaufuta kwenye kanzu ingawa haukuwa na kitu, akaenda. Shavu la baba yangu likalazwa juu ya udongo wa kawaida, kama la mtu ambaye hajachonga herufi hata moja.

Jioni alirudi, akaketi kwenye kibaraza, hasira zimemwisha. Yeye ndiye aliyemwosha. Aliniambia walimsugua kucha kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu, na chokaa iliyokuwa chini ya kucha ilikataa kutoka. "Mwisho tukamwacha nayo," alisema. Nikamshika mkono, nikaubusu, na hakujua kwa nini.

Mihrabu ipo mpaka leo. Watu wakiingia, jicho linakwenda kwanza kwa Mheshimiwa, halafu ndipo linashuka kwa Mungu. Wananisifia herufi zile za juu kuliko zote, wanasema mkono wangu umempita baba yangu. Mimi nawauliza wameona kosa wapi.

Debe liko karakana, karibu na jiwe. Sijaongeza kitu humo tangu siku ile, wala sijalifungua. Mpaka sasa sijui kama Baba alinipa au alinitupia. Nimewaambia wanangu, siku yangu ikifika, wachote kiganja kimoja kutoka humo humo waniwekee chini ya shavu, na wasijaribu kulichekecha.