Uongo wa Kumpima Jirani

Attracta Geraghty alichagua mkutano wa mjini Sligo kwa sababu moja tu: hakuna mtu wa kijijini kwao aliyekuwa na shughuli huko Jumamosi mchana. Kwao Roscommon nako kulikuwa na mkutano wa wanaoacha pombe, nyuma ya kanisa, lakini daktari wa mifugo kama yeye akionekana anaingia mlango ule, habari ingezunguka baa zote kabla hajatoka.

Aliegesha gari mbali na ukumbi, akajitanda skafu, akaingia. Viti vilikuwa vimepangwa mviringo. Karibu na birika la chai, kikombe mkononi, alisimama Malachy Tansey.

 Malachy alikuwa jirani yake, shamba kwa shamba, na hawakuwa wakisemezana tangu alfajiri ile Attracta alipokwenda kumzalishia ng'ombe na ndama akafa. Malachy alitangaza kwa kila mwenye masikio kwamba daktari alikuja ananuka wiski. Wafugaji wakaanza kumwita daktari mwingine. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa ananuka kweli.

"Umenifuata?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Mwaka wa pili huu nakuja hapa, daktari. Nadhani wewe ndiye umenifuata."

"Mbona sijasikia popote kwamba ulikuwa mlevi?"

"Si ndiyo maana tunakuja huku mbali?"

Mama mmoja mwenye mvi, Philomena, aliongoza mkutano. Alisema yanayosemwa humo hayatoki humo. Wengine waliitikia kwa vichwa. Attracta alimtazama Malachy na kujiuliza mdomo ule umejua kufungwa tangu lini.

Wiki ile hakuwa na amani. Mwenye duka akinyamaza kidogo wakati wa kumfungia nyama, aliona ameshaambiwa. Padri akimsalimu kwa uchangamfu, aliona anahurumiwa. Mwishowe akaamua kutega mtego. Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya wote akasema kwamba alikuwa amekunywa tena, na kwamba akiwa njiani kurudi nyumbani aligonga ukuta wa daraja. Uongo mtupu. Hakuwa ameonja tone tangu atoke hospitali alikotibiwa ulevi. Lakini kati ya waliokisikia kisa kile, wa kijijini kwao alikuwa Malachy peke yake, na kikifika kijijini, aliyekibeba atakuwa mmoja tu.

Watu walimshukuru kwa kusema. Philomena alimshika bega. Attracta alikaa chini, uso unamwaka kwa aibu.

Jumatatu asubuhi gari kuukuu la Malachy lilisimama langoni pake.

"Naenda upande wa Boyle. Kama una ng'ombe wa kuona kule, panda."

"Nina gari langu."

"Najua unalo. Panda tu."

Huyu anataka kuninusa, Attracta aliwaza. Lakini akikataa, ataambiwa amelewa. Akapanda, na njia nzima alimsemesha uso kwa uso makusudi, ajinusie mpaka achoke. Malachy aliongea habari za mvua na bei ya chakula cha mifugo. Kesho yake akaja tena, na siku iliyofuata pia. Pombe hakuitaja. Kijijini nako kimya: dukani, kanisani, hakuna aliyegusia daraja. Badala ya kutulia, Attracta alizidi kuingiwa na wasiwasi. Maneno haya anayaweka akiba ya nini?

Alhamisi uvumilivu ulimwishia. "Simamisha gari," alisema. Malachy akasimama kando ya barabara. "Sikugonga daraja lolote. Nilitunga."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Siku ile ile nililizunguka gari lako pale ulipolificha. Halina hata mkwaruzo."

"Kumbe ulikuwa unanichunguza."

"Na wewe je? Nilidhani umekuja kusikiliza siri zangu ili unilipize. Ningekuwa wewe, ningelipiza."

"Sasa haya ya kunibeba kila asubuhi ni ya nini?"

Malachy alikuna kidevu, macho barabarani. "Ndama yule alikuwa ameshakufa tumboni kabla hujafika. Nilichelewa kukupigia simu. Nilikuwa nimelala zizini, nimelewa, sijitambui. Nikaona heri watu waongelee pombe yako."

Attracta alifungua mlango akashuka. Alitembea ukingoni mwa barabara kwenye manyunyu, na gari likawa linamfuata polepole. Muda wote ule alikuwa akiamini mikono yake ndiyo iliyomuua ndama, na alikuwa amekunywa sana kwa ajili ya imani hiyo.

"Ungesema," alisema kupitia dirishani.

"Kwa nani? Kule baa?"

 Attracta alitembea mpaka viatu vikaloa, kisha akapanda.

Jumamosi walikwenda Sligo kwa gari moja. Walipokaribia ukumbi Attracta alimwomba amshushe kwenye kona.

"Sitaki wadhani tumekuja pamoja."

"Na mimi nilitaka kukuomba hivyo hivyo."

Ndani, Attracta alisimama akasema kisa cha daraja kilikuwa uongo. Philomena alimuuliza alikuwa anatafuta nini.

"Nilitaka kujua nani atanisaliti."

Mzee mmoja upande wa pili alianza kucheka, na mwingine akadakia, mpaka karibu mviringo mzima ukawa unacheka, kicheko cha watu waliojitambua katika maneno yake. Malachy hakucheka. Alisogeza koti lake kutoka kwenye kiti kilichokuwa kando yake. Attracta alikitazama kiti kile, akakiruka, akakaa kwenye kinachofuata.