Mlango wa Mama Kidoti

Fundi Komeo alikuwa anapiga randa ubao wa dirisha wakati mwenye duka la dawa alipoingia karakanani, akapangusa maranda kwenye kiti na kuketi bila kukaribishwa.

"Fundi, mlango wako umeanza."

"Umeanza nini?"

"Kupiga hodi. Sauti ya mtoto wa kike. Natazama nje, hakuna mtu. Ni ubao wenyewe."

Haukuwa wa kwanza. Mlango wa shule ulikuwa hivyo hivyo, na wa mashine ya kusaga pia. Fundi akamwambia atie mafuta kwenye bawaba, ingawa alijua fika kwamba bawaba hazina kosa.

"Nilishatia. Sasa unaita kwa sauti laini."

"Basi utauzoea."

"Mimi nishauzoea. Shida ni wateja. Wakisikia hodi wananyamaza, dawa zenyewe hawaniambii wanataka zipi."

Fundi akarudia randa yake. Katika mji ule hodi haiitikiwi. Wakati wa vita, watu waliokuja kuchukua watu walikuwa na adabu zao jamani, walipiga hodi kwanza. Kwa hiyo watoto wa enzi zile walifundishwa kwamba hodi ikisikika, kijiko kinawekwa chini na pumzi inabanwa. Mtu wa nyumbani akitaka kufunguliwa, akohoe. Vita viliisha, waliovipigana wakazeeka wakaota mvi, kikohozi kikabaki. Mgeni akifika leo hudhani mji mzima unaumwa kifua. Hata vitoto vilivyozaliwa juzi, ambavyo bunduki havijawahi kuiona, vikisikia hodi vinatulia tuli na kukodoa macho. Hakuna anayekumbuka kuvifundisha.

Sauti ile fundi aliijua. Ilikuwa ya Kidoti, binti wa jirani, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya doa dogo shavuni. Siku malori yalipoingia mtaani, Kidoti alikuwa anarudi kutoka bombani, na nyumba ya kwanza mbele yake ilikuwa ya kina fundi. Akasahau kukohoa. Hofu ilimrudisha kwenye adabu aliyofundishwa kabla ya vita, akapiga hodi. Fundi, naye mtoto tu, alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Alijua ni nani. Angekuwa hakujua, labda angelala usingizi miaka yote hii. Aligeuka kumtazama mama yake, aliyejibanza chini ya kitanda na wadogo zake, na mama akatikisa kichwa. Hodi ikapigwa tena. Kisha haikupigwa.

"Wakiuliza," mama akamwambia baadaye, "hatukuwepo."

Waliuliza, naye akasema hatukuwepo. Akakua, akajifunza useremala, akasifika kwa milango yenye makomeo yasiyovunjika. Jina walimpa wateja, naye akalipokea.

Mwisho wa wiki akaja Mama Kidoti mwenyewe, kikongwe na mkongojo wake. Mji mzima ni yeye peke yake aliyebaki akipiga hodi, na watu walimsamehe kwa ajili ya umri. Karakana haikuwa na mlango, akaingia.

"Nasikia milango yako inaita."

"Inaita, mama."

"Kwa sauti ya mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Basi nitengenezee mmoja."

Fundi alichagua mbao zake bora kuliko zote, zile alizokuwa ameziweka kwa ajili ya nyumba yake. Alipiga msasa hadi vidole vikachubuka. Kila alipoinama alijiambia, nikiufunga tu, namwambia. Liwalo na liwe. Mwanamke huyu amekaa akijiuliza tangu nywele zake zikiwa nyeusi, anastahili kujua.

Akaufunga nyumbani kwa kikongwe. Mama Kidoti akaketi kwenye kigoda kuukabili, na haukukawia.

"Hodi," mlango ukasema.

"Karibu mwanangu," akaitika, kama mtu anayekoroga chungu jikoni. Akaufungua, akatazama barabara tupu, akaurudishia. Alionekana ameridhika. Kisha akamgeukia fundi.

"Hivi siku ile nyinyi mlikuwa wapi? Maana nyumba yenu ndiyo ilikuwa karibu."

Fundi alifungua kinywa. Aliyoyapanga yote yalikuwepo, yamejipanga, ila lililotoka ni lile la zamani.

"Hatukuwepo, mama."

"Hodi, kaka," mlango ukasema. "Ni mimi."

Mama Kidoti alizaa mtoto mmoja tu. Na mtaani kote, mvulana ambaye Kidoti alikuwa akimwita kaka alikuwa mmoja. Kikongwe akautazama mlango, akamtazama fundi, akamtazama sana, wala hakupandisha sauti.

"Toa hilo komeo," akasema. "Hapa halina kazi."

Fundi akafungua skrubu, akalitia komeo mfukoni na kuondoka upesi hata akasahau nyundo.

Jioni alikuwa anakula na mjukuu wake wa kike alipoisikia hodi. Safari hii haikutoka kwenye ubao. Ilikuwa sauti ya kizee. Fundi akaweka kijiko chini. Mjukuu akaweka chake, akabana pumzi.

Fundi akainuka, akasimama nyuma ya mlango, akashika komeo. Alitaka kufungua. Mungu anajua alitaka. Aliuamuru mkono, na mkono ukabaki pale pale kama uliopigwa msumari.

"Fundi, nimekuletea nyundo yako," Mama Kidoti akasema kutoka nje.

Akangoja. Kungoja alikuzoea. Kisha kikasikika chuma kikilazwa kizingitini, na mkongojo ukienda zake polepole.

Mjukuu akasogea, akamvuta shati.

"Babu," akanong'ona, "akiuliza, hatukuwepo, eti?"

Maneno hayo hakuna aliyewahi kumwambia. Fundi akamshika kichwa, akamrudisha mezani.

"Hatukuwepo," akasema. "Kula, chakula kinapoa."