Foleni Mpaka Kiwanda cha Maziwa

Asubuhi mke wangu Dympna alipokata roho, simu ya nyumbani ililia kabla sijamfumba macho vizuri. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto. Bomba la maji limepasuka mbele ya lango lake na ng'ombe wanakanyaga tope. "Diwani yupo?" akauliza. Nikasema hayupo. Akasema basi atapiga baadaye. Nikaweka simu chini, nikarudi chumbani, nikakaa kitandani upande wangu. Ile ndiyo mara ya kwanza nililisema neno hilo, na nililisema kwa mtu ambaye mpaka leo simjui sura.

Kwetu diwani akifa kabla ya muda wake kwisha hakuna uchaguzi. Chama chake kinateua mtu wa kumalizia, na desturi ni kuangalia kwanza nyumba ya marehemu. Walimtaka binti yetu, Muireann, aliyekuwa akifanya kazi ya ufamasia mjini Limerick. Akakubali. Mimi nilitaka kiti kile kibaki na jina la ukoo wetu, Tormey. Nguo za Dympna zilikuwa zimekunjwa, miwani yake imo kwenye droo. Kiti ndicho kitu chake pekee kilichokuwa bado kinafanya kazi.

Lakini nianze na matanga, maana shaka yangu ilianzia hapo.

Tulimlaza sebuleni kama ilivyo ada, na watu wakaja kumuaga. Foleni ilitoka mlangoni, ikashuka kijia, ikapita kanisa, ikafika kiwanda cha maziwa. Mvua ilikuwa ikinyesha na hakuna aliyerudi nyumbani. Jikoni wanawake walikata mikate na nyama ya nguruwe mpaka visu vikawa butu. Langoni alisimama Finbarr Leddy, diwani mwenzake Dympna wa chama kilekile, akimpa mkono kila anayeingia kama kwamba aliyefiwa ni yeye. Nilimwona akinyoosha shingo kutazama mkia wa foleni. Kisha akaja kwangu.

"Pole, Colman, ndugu yangu," akasema. "Umati wote huu. Binti akisimama kwenye uchaguzi wa mwezi wa sita, hana wasiwasi kabisa."

Mke wangu alikuwa amelala hatua chache kutoka pale, rozari mkononi. Tangu saa ile nikawa namtazama Leddy kwa jicho la pembeni.

Uchaguzi ulipokaribia, chama kikasimamisha wagombea wawili katika eneo letu lenye viti vitano, Muireann na Leddy. Mpiga kura wetu haweki alama moja tu. Anaandika namba moja kwa anayemtaka kwanza, mbili kwa anayefuata, na kuendelea kadiri apendavyo. Kwa hiyo wagombea wa chama kimoja hugawana vijiji, wasije wakanyang'anyana. Mpaka tuliuweka kwenye daraja. Upande wetu, kijiji cha Kilcreevy, watu waombwe moja kwa Muireann na mbili kwa Leddy. Ng'ambo ya mto, kwao Leddy, iwe kinyume chake. Leddy alikubali mbele ya wote. Alikubali upesi mno, nikaona.

Tukaanza kubisha milango. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mossy Brehony, mzee ambaye Dympna alimhangaikia mpaka barabara yake ikawekwa lami.

"Karibuni, karibuni," Mossy akasema, akimzuia mbwa kwa mguu. "Ila mnajichosha bure. Muireann yuko salama."

"Nani kasema yuko salama, mzee?" nikamwuliza.

"Wewe Colman, hilo nalo la kusemwa? Watu wote wanajua."

Nyumba ya pili, yuko salama. Kwa fundi matrekta, yuko salama, tena fundi akamkonyeza Muireann na kumwambia akishapata asisahau mashimo ya barabara ya makaburini. Anayezijua kura zetu anajua kwamba hakuna neno baya kuliko hilo. Mgombea akivumishiwa kuwa yuko salama, marafiki zake humgawia namba moja mwingine anayehurumiwa, na yeye huanguka huku wote wakimpenda. Ni mchezo wa zamani. Kinachotakiwa ni mtu mmoja tu wa kulitupa neno dukani.

Na gari la Leddy nililiona limeegeshwa mbele ya duka letu.

"Alikuwa ananunua gazeti, Baba," Muireann akasema.

"Kwao hakuna magazeti?"

"Baba, sasa unataka tumkataze mtu kununua gazeti?"

Hata hivyo kila jioni nilipita pale nikitazama kama gari lipo.

Siku ya kuhesabu tulikwenda kwenye ukumbi wa michezo wa mjini. Masanduku hufunguliwa moja moja na karatasi hukunjuliwa juu ya meza, na sisi watu wa vyama tunasimama nyuma ya uzio, penseli mkononi, tukichungulia. Ndiyo maana kwetu hakuna kijiji kinachoweza kuficha kilivyopiga kura. Nilisimama na Jarlath Mulqueen, aliyemhesabia Dympna kila uchaguzi, mtu mwenye macho ya mwewe na mfuko uliojaa pipi za mnanaa.

Likaja sanduku la shule ya Kilcreevy. Jarlath akaacha kutafuna.

"Leddy," akanong'ona, akisoma namba moja za kila karatasi. "Leddy. Muireann. Prunty. Leddy. Muireann. Leddy tena."

"Labda ni za juu tu."

"Za juu gani, Colman? Hii ni barabara yako. Hawa ndio waliobeba jeneza."

Nikatazama mpaka macho yakauma. Leddy alikuwa amepata namba moja nyingi upande wetu kuliko binti yangu. Katika zile karatasi kulikuwa na mikono ninayoifahamu, mikono iliyoshika mkono wangu kwenye mvua, na sikuweza kujua ni ipi.

Matokeo ya raundi ya kwanza yaliposomwa, Leddy alikuwa amevuka kiwango cha kura zinazotosha kupata kiti na kuwaacha wengine mbali. Vijana wake wakambeba juu. Aliposhushwa alikuja moja kwa moja kwangu, mkono mbele.

"Hongera kwa kuvuka daraja," nikamwambia. Mkono wangu ulibaki mfukoni.

"Sikuvuka, Colman."

"Uliwaambia watu wangu yuko salama."

"Sikuhitaji kumwambia mtu," akasema, akaondoka.

"Umemsikia?" Jarlath akasema. "Hata kukana hajui. Kikulacho ki nguoni mwako, bwana."

Kisha zikaanza kuhamishwa kura zake za ziada. Leddy akishajaza kiwango chake, kinachozidi humwendea aliyeandikiwa namba mbili, na namba mbili ya watu wale, karibu wote, ilikuwa Muireann. Jarlath alichangamka akanipa pipi. Lakini kinachohama ni kile kilichozidi tu. Wale majirani walidhani wakimpa Leddy moja na binti yangu mbili wametupa sote wawili. Sehemu kubwa ya kura zao ilibaki kujaza kapu la Leddy, na kwetu kikaja kilichomwagika. Raundi zikaenda, wa chini wakitolewa mmoja mmoja na kura zao kugawiwa waliobaki, mpaka kiti cha tano kikawa kinagombaniwa na Muireann na Enda Prunty, mtu asiye na chama aliyesimama kwa ajili ya barabara mbovu na basi la shule. Prunty akashinda kwa kura chache sana. Tukaomba zihesabiwe upya. Zikahesabiwa. Prunty.

Muireann alimpa Prunty mkono, akampa na Leddy mkono. Kwangu akasema, "Baba, twende ule kitu. Tangu asubuhi umekula pipi za Jarlath tu."

Siku mbili baadaye Attracta Gilsenan, jirani wa nyumba ya pili, alileta keki ya tufaha. Ndiye aliyemwosha Dympna kwa mikono yake siku alipofariki. Aliweka sahani mezani, akalia.

"Nilimpa Leddy moja," akasema. "Nakwambia mwenyewe kabla hujaambiwa."

"Nani alikwambia Muireann yuko salama?"

"Hakuna."

"Attracta, sitamgombeza mtu. Nitajie tu. Ni Leddy?"

"Leddy hajakanyaga kwangu tangu matanga. Colman, mimi ndiye niliyetoa maji ya moto ya chai nje siku ya matanga, nikaiona foleni. Imefika kiwanda cha maziwa. Nikasema moyoni, msichana mwenye watu hawa wote hahitaji moja yangu, nimsaidie yule mwingine tusije tukampoteza. Sasa nasikia Mossy alifanya hivyohivyo. Na fundi. Kila mmoja aliwaona wale wengine."

Nilimkatia kipande cha keki yake mwenyewe. Nikakumbuka maneno ya Leddy, kwamba hakuhitaji kumwambia mtu. Naye alikuwa ameiona foleni. Kama aliinyamazia akijua itakavyowadanganya majirani, au alinyamaza tu, sina wa kumwuliza. Bado nikipita dukani natazama kama gari lake lipo. Misa ya kumwombea Dympna ilipofika Leddy alikaa benchi la nyuma, na alipokuja kwangu mlangoni nilimpa mkono. Jarlath aligeuka akatazama ukutani.

Muireann amerudi Limerick, anakuja mwisho wa wiki. Baraza limekwisha kukutana, na kiti cha Dympna anakikalia Enda Prunty. Watu bado wanapiga simu hapa nyumbani kuhusu maji na mashimo ya barabarani. Nawapa namba ya Prunty.