Chini ya Sitini

Ndambuki hakuwa na redio. Aliiuza mwenyewe mwaka aliofariki mkewe, kwa sababu kila zikianza salamu za wasikilizaji aligeuka kusema, "Sikiza huyu," na kiti kiko kitupu. Akakaa kimya miaka sita katika chumba chake cha Shauri Moyo, mzee wa Kikamba aliyechonga vinyago mpaka moyo ukamkataza kushika tezo. Watoto hawakujaliwa. Ndugu alikuwa nao Machakos, na hao, tuseme ukweli, walimkumbuka Desemba.

Halafu, mwaka wa sabini na tisa, Muhiba akahamia chumba cha pili.

Alikuwa msichana wa Malindi, mwanafunzi wa unesi, mwaka wa kwanza. Bweni la chuo chao lilikuwa limejaa, wanafunzi wapya wakaambiwa wajitafutie pa kulala. Atakayefaulu mtihani wa somo la dawa angepewa kitanda bwenini mwaka wa pili. Atakayefeli arudie mwaka, na alale anapojua mwenyewe. Sasa, ukuta wa katikati ya vyumba vile haukufika kwenye paa. Fundi aliishiwa na matofali au aliishiwa na haya, mimi sijui. Kila jioni saa kumi na moja Muhiba alirudi, akavua viatu, akaanza kusoma kwa sauti. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini yeye alikigeuza Kiswahili ili kimkae kichwani.

"Dawa huingia, husambaa, huvunjwa na ini, hutolewa na figo," alisema Muhiba upande wa pili. "Figo ikiwa mbovu, dawa hurundikana. Ya jana bado imo, nawe unaongeza ya leo."

Ndambuki akaanza kupika mapema, maana stovu yake ya pampu ilinguruma na kumfunika yule msichana. Ikifika saa kumi na moja alikuwa ameshakula, amevuta kigoda ukutani, ametulia. Alijifunza kwamba dawa ya sindano hufika upesi kuliko ya kumeza. Alijifunza kwamba kipimo cha mtoto hakikatwi kwa macho, mtoto hupimwa uzito kwanza. Mambo yenyewe hakuwa akiyajua ndewe wala sikio, lakini ilikuwa sauti ya mtu, na ilikuja kila siku. Wao wawili hawakuwa wameambiana neno zaidi ya "Shikamoo, babu" na "Marahaba" pale bombani.

Jumatatu moja Muhiba akafika kwenye dawa za moyo. Ndambuki akakaa wima, kwa sababu dawa iliyotajwa ilikuwa yake. Chupa ilikuwa pale dirishani.

"Digoksini huutia moyo nguvu," alisema Muhiba. "Kabla ya kumpa mgonjwa, hesabu mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya sitini, moyo umechoka, mpe haraka. Yakizidi sitini, ngoja."

Aisee. Ndambuki alijua imepinduka, juu chini. Mwaka uliotangulia alilala wodini wiki tatu, na kila asubuhi nesi alimshika mkono akihesabu kabla ya kumpa kidonge. Siku moja alipata hamsini na nne. Alikirudisha kidonge kwenye chupa, akaenda mbio kumwita daktari. Daktari alimwambia Ndambuki waziwazi kwamba dawa imemzidi, na kidonge kimoja zaidi asubuhi ile kingeweza kuusimamisha moyo.

Ungedhani basi mzee aliinuka papo hapo akasema. Hakuinuka. Jioni ileile rafiki wa Muhiba, Benta, alikuja kumwona, na Ndambuki akamsikia Muhiba akimwambia, "Nikifeli somo la dawa, ni mwaka mwingine mzima humu ndani." Mwaka mwingine mzima. Mzee na mvi zake alifurahi. Akaona aibu, na bado akafurahi. Akajiambia mwalimu atamrekebisha, kazi ya mwalimu ni nini?

Jumanne msichana akasema vilevile. Jumatano vilevile, tena kwa sauti ya mtu ambaye sasa ana uhakika. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Na kila aliposema "mpe haraka", Ndambuki alijiona yuko kitandani kule wodini, nesi aliyesimama mbele yake ni huyu, kidonge kiko mkononi, naye mwenyewe amefungua kinywa. Usiku hakulala vizuri. Alimchukia kidogo yule nesi wa wodini kwa kumfundisha jambo ambalo sasa lilimnyima raha.

Alhamisi aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Babu? Kuna nini?"

"Hiyo dawa ya moyo," alisema Ndambuki. "Ukinipa hivyo utaniua."

Kurasa zikafunuliwa mbele, zikafunuliwa nyuma. Kisha mlango ukabishwa, na Muhiba akaingia peku, kitabu mkononi, akakaa kwenye kile kiti bila kukaribishwa.

"Wiki nzima nakariri kuua mtu," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilidhani moyo ukienda polepole unataka kusaidiwa. Kumbe dawa yenyewe ndiyo inayoupunguza mwendo. Nani kakufundisha, babu?"

"Nililala wodini. Wanahesabu kila siku."

"Basi nipe mkono nihesabu."

Alikuja Ijumaa, akaja Jumamosi, akaja Jumapili. Walihesabu kwa saa ya mezani yenye mshale wa sekunde. Alimfundisha kujihesabia mwenyewe, kwa vidole viwili na siyo kidole gumba, kwa sababu gumba lina mapigo yake na litamdanganya. Alimwambia sheria ina sehemu mbili. "Chini ya sitini, humezi. Halafu unamwambia mtu. Usikae nayo peke yako, babu." Ndambuki aliitikia kila kitu. Tangu wodini hakuna aliyekuwa amemshika mkono, na kabla ya hapo ni mkewe, na alitamani ile dakika iwe mbili.

Muhiba alifaulu, tena vizuri sana. Alileta habari na sahani ya mahamri, akasema, "Nimepata kitanda, babu," kisha akauona uso wa mzee na kuahidi upesi kwamba atakuja kila Jumapili. Alikuja Jumapili mbili. Halafu darasa lao lote likapelekwa Kisumu kwa mazoezi ya miezi sita. Barua moja ilifika, ukurasa mmoja, salamu nyingi. Chumba cha pili akaingia dereva wa lori ambaye muda mwingi alikuwa safarini.

Asubuhi moja ya Julai Ndambuki alihesabu akapata hamsini na sita. Akarudia, hamsini na sita. Akakirudisha kidonge kwenye chupa. Sehemu ya kwanza ya sheria hiyo, aliiweza.

"Hamsini na sita," alisema kwa sauti, akitazama juu pale ukuta unapoishia. Dereva hakuwepo. Akavaa koti, akaenda kliniki kwa miguu, akipumzika kila baada ya nyumba chache.

Nesi wa kliniki alimhesabu naye akapata hamsini na sita. Akamwita daktari, na daktari akasema dawa isimamishwe siku tatu, kisha aanze na nusu kidonge. Nesi alimtazama mzee kwa mshangao.

"Wengi huletwa wakiwa wamebebwa," alisema. "Nani amekufundisha kuhesabu hivi?"

"Msichana wangu," alisema Ndambuki. "Ni nesi."

"Una bahati, mzee. Basi mwambie akuhesabie kila asubuhi wiki hii, usibaki peke yako."

Ndambuki akafunga kifungo cha mkono wa shati, akasema atamwambia.