Gunia Zito, Sakafu ya Saruji

Asubuhi ile mpanga sauti alikuwa kwenye milango. Maktaba ya sauti ya studio ilikuwa na milango mingi kupita kiasi, na waliomtangulia, Mungu awasamehe, waliandika "mlango" tu wakaenda zao kunywa chai. Yeye aliandika inavyotakiwa: wa mbao, wa bati, unaofungwa kwa hasira, unaofungwa na mtu asiyetaka kusikika. Kanuni ya nyumba ilikuwa moja: sauti haiandikwi ilivyo, huandikwa itakavyodhaniwa. Vitunguu vikikaangwa viliitwa mvua. Bua bichi likivunjwa liliitwa mfupa. Anayetafuta mfupa apate mfupa. Habari za bua zinamhusu nini?

Chumba cha pili mtu alicheza faili liitwalo "gunia zito, sakafu ya saruji", na mdogo wa mpanga sauti akapita dirishani akienda chini.

Alimsikia akitua uani. Mfagizi alisema, "Pole, baba," akasogeza ndoo. Baadaye kidogo marehemu alipanda ngazi akijipangusa vumbi, akaketi kwenye stuli yake ya zamani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama anakusalimu. Umeumia?"

"Kama kawaida."

Enzi za uhai wake alikuwa mnasa sauti. Siku aliyokufa alitumwa kupanda paani kwa ngazi iliyofungwa kwa waya, ngazi aliyoilalamikia mpaka akachoka, nayo ikakatika. Kinasa sauti chake kiliendelea kufanya kazi, kikanasa kishindo. Mkurugenzi alisema kijana hakuwa kazini, na kilichosikika ni gunia. Lebo ikaandikwa hivyo. Gunia lenyewe likapendwa kwenye vichekesho na matangazo ya sabuni, na kila lilipochezwa, yeye alianguka. Watu walizoea. Mhasibu alihamisha baiskeli yake kutoka pale uani, basi.

Mama yao hakuzoea. Kila jioni binti yake alipovua viatu mlangoni, alisema lile lile.

"Mimi sikuzaa gunia. Waandike mtu."

Mwishowe mpanga sauti alivunja kanuni. Alifuta gunia akaandika: "Mtu akianguka. Kijana. Kutoka paani, ngazi mbovu, kazini." Kwenye maneno ya kutafutia akaongeza "kifo". Jioni alimwambia mama, na mama akalia, kisha akala chakula chote.

Kumbe alikuwa ameruka majivu akakanyaga moto. Magunia huanguka mara moja moja, lakini katika michezo ya redio watu hufa kila saa. Watayarishaji waliandika "kifo" na wote wakamwangukia yule yule. Mmoja alimjia mpanga sauti hadi mezani, anacheka kwa furaha.

"Hii kali! Unasikia kabisa kwamba ni mtu. Mmetumia nini, tikiti maji?"

Mdogo wake hakuwa tena na nafasi ya kukaa. Alifika ngazi ya juu, akaitwa tena kuanguka, akageuka. Shati lilikuwa limechanika mgongoni.

Mpanga sauti alingoja kuitwa na mkurugenzi. Alikuwa amejiandaa kugombana, hata kufukuzwa. Mkurugenzi alisoma lebo yote, pamoja na ngazi mbovu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Umeiandika vizuri. Ndivyo ninavyowaambia hawa: itakavyodhaniwa."

Hapo ndipo mpanga sauti alipokufa moyo. Ukweli aliuweka hadharani kila mtu ausome, na kila mtu alisoma ufundi.

"Dada," mdogo wake alisema siku hiyo, ameshika fremu ya mlango, "mimi nimechoka."

Dada alifikiria kumwandika jambo lisilotafutwa na mtu. Lakini faili lisilotafutwa hufutwa mwisho wa mwaka, na akishafutwa nani atapanda ngazi kumwamkia? Akavuta kibodi. Kwa mkono wake mwenyewe, herufi baada ya herufi, akaandika gunia zito, sakafu ya saruji. Mdogo wake alisoma begani kwake, akashukuru, akaenda kukaa kwenye stuli.

Jioni mama alimngoja mlangoni.

"Bado wamemwandika mtu?"

"Bado, mama," alijibu, akainama kuvua viatu. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza sabuni.